Walii wa Nusaiba

Timbwani, Likoni,
Mombasa.
6 Aprili 2026

Mpendwa Ami Mbarak,

Assalamu alaykum. Shikamoo, wewe na Bi Mastura. Hilo goti lako limepata nafuu, au joto la Maskati limezidi kulitia ukaidi? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mvua za masika zimeanza na uani kote ni matope.

Barua hii anakuletea Najib, mtoto wa jirani yetu, anayerudi kazini huko. Kwa simu nisingeweza. Ningelia, nawe ungedhani tumefiwa.

Mambo ya arusi yanakwenda. Nusaiba amekonda kwa furaha, ukimwita chakulani anasema ameshiba. Nikahi ni ile Ijumaa ya mwanzo ya Mfunguo Pili kama tulivyopanga, kwa hivyo tikiti yako usiigeuze.

Lakini lile nililokuomba, Ami, naomba unirudishie. Nilikwambia uje umuozeshe Nusaiba kwa kuwa baba ametangulia na hapa hakuna mwanamume wa kusimama. Nilisema hivyo na Yasir yumo chumba cha pili, kaka yake Nusaiba wa baba mmoja mama mmoja, mtu mzima mwenye akili zake timamu. Miguu na ulimi ndivyo vizito, basi.

Wiki iliyopita Maalim Kiponda, atakayefungisha nikahi, alikuja nyumbani. Akamgeukia Yasir kwenye kiti chake cha magurudumu, akamuuliza, "Wewe ndiwe walii, sivyo?" Yasir akafungua kinywa. Unamjua, neno la kwanza kwake ni mlima. Nami nikawahi: "Huyu hawezi, maalim. Ami yetu yuaja." Yasir akafumba kinywa.

Jioni hiyo hakutaka nimlishe. Asubuhi nikampelekea chai na mahamri, nikamsikia nyuma ya pazia akijisemea pole pole, akikwama na kuanza upya: "Nimekuozesha... dada yangu... Nusaiba." Nilisimama na sinia mpaka chai ikapoa. Nusaiba ananiambia amekuwa akifanya hivyo tangu siku ya posa. Yeye alijua, mimi ninayeshinda naye kutwa sikujua.

Nimeona haya, Ami, na sina wa kumlaumu ila nafsi yangu. Tangu mama afariki, mimi ndiye ninayemuogesha, ninayemvisha, ninayemnyoa ndevu. Kumbe nimejitwalia na ulimi wake. Kivukoni watu huniuliza mimi Yasir ajisikiaje, naye yupo hapo hapo, nami hujibu. Na nikisema ukweli wote, siku ile sikuogopa kwamba hataweza. Niliogopa wakwe wamtazame mate yakimtoka mbele ya wanaume. Kaka yangu mwenyewe. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Nimemrudia maalim. Amenambia maadamu Yasir ana akili zake, na bwana arusi atamsikia na kumfahamu, haki ni yake. Wewe huwezi kumpita ila akupe uwakala kwa hiari yake. Basi nikaenda kumuomba Yasir radhi. Nikamuuliza kama angependa kukupa uwakala, akatikisa kichwa kukataa. Kisha akasema, na safari hii nilimngoja: "Kulthum... siku hiyo... usinimalizie."

Kwa hivyo njoo, Ami, uketi kando yake. Akikwama usimsaidie, wala usimwache mtu mwingine amsaidie. Mimi nitakuwa ndani na wanawake, nimeuma leso. Nawe unisamehe kwa kukupa heshima ambayo haikuwa yangu kuitoa.

Nisalimie Bi Mastura na watoto wote. Nusaiba anakubusu mkono, na anakukumbusha ule udi uliomuahidi. Mungu akusahilishie safari, akulainishie na hilo goti.

Bado salamu za Yasir. Zile nilizokuwa nikikuandikia miaka yote nilizitunga mwenyewe, sikuwahi kumuuliza. Hizi ni zake, nimeziandika kama alivyozitoa, neno kwa neno: "Ami, njoo. Niletee kofia nzuri. Muozeshaji ni mimi."

Mwanao akupendaye,
Kulthum