Somoe na Kamba ya Mashine ya Salfa

Nkowe, Jumamosi, Julai 2007

Leo kumekucha na baridi na umande mzito, na mimi nimeamshwa na somo langu mwenyewe.

Wiki hii niliwafundisha Kidato cha Pili tabaka la ozoni. Nikawaambia huko juu kuna hewa inayotukinga na miale mikali ya jua, na kwamba kemikali tunazorusha angani zimeichakaza. Kengele ikalia. Kemikali zipi, nikasema tutaona kipindi kijacho.

Sasa mwambie mtoto wa Nkowe habari ya kemikali hewani wakati mikorosho imetoa maua. Atawaza nini kama si salfa, ule unga wa dawa tunaoipulizia mikorosho?

Alfajiri Mama Somoe, jirani yangu, akabisha hodi. Mashine ya kupulizia ameazima, mwenyewe anaitaka leo leo. Umande ukikauka, unga haushiki kwenye maua. Na binti yake kaficha kamba ya kuwashia.

"Mwalimu, njoo uzungumze na mwanafunzi wako. Kaniambia natoboa mbingu."

Niliogopa, sifichi. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, ukikausha yale maua, nyumba ile haina korosho mwaka huu, na chanzo ni mimi, mwalimu wa kuja.

Somoe tulimkuta amekaa chini ya mkorosho, kanuna. Nikamweleza palepale. Salfa ni unga, unapanda kidogo kisha unatua kwenye majani na vichwani mwetu. Ozoni imeharibiwa na gesi za majokofu ya zamani na makopo ya kupulizia, na nchi nyingi zimekubaliana kuziacha, kwa hiyo lile tabaka litapona taratibu. Joto la dunia ni jambo jingine: moshi wa viwanda, wa magari, wa misitu inayochomwa, unaizuia dunia isipoe.

Somoe akauliza:

"Kwa hiyo ozoni si sisi, ila kwenye joto na sisi tumo?"

"Kidogo tu. Lakini tumo."

Akatoa kamba kwenye kanga, akamkabidhi mama yake. Kisha akaligeukia pori walilofyeka, linalosubiri moto kabla ya mvua. Mama mtu akaona maneno yanakoelekea.

"Hapo usinianze. Shamba lisipochomwa nitalima na visiki?"

Mashine ikanguruma, wote tukawa manjano kwa unga wa salfa. Nilifurahi kama mtoto.

Mchana, Mama Somoe akaniletea mihogo ya kuchemsha. Akasema wamebishana mpaka wamechoka: nusu ya pori atachoma kama alivyozoea, nusu majani yataachwa yaoze, aone mahindi yatasemaje.

Haya nitayaweka mtandaoni nikifika Nachingwea. Wenzangu wa mjini watacheka, nusu shamba ni nini mbele ya dunia nzima?

Mimi sicheki. Miaka yote hii ya kushika chaki, lini somo langu lilifika nusu ya shamba la mtu?