Kichaka cha Juu ya Kichuguu

Lukafu, Septemba

Yaya Elisée, kaka yangu mkubwa,

Mlio wa nyuki wa mama ungali masikioni mwangu: wanazunguka mahali patupu, hawatui.

Mama ni mzima. Mihogo imekauka vizuri.

Wafyatua matofali wako walikata kichaka chake ili wachimbe udongo wa kichuguu. Nilipowazuia, mmoja alicheka: "Mademoiselle, ni yaya yako alisema. Maua inajengaka nyumba?"

Ulilelewa kwa asali ile. Unajua maji ya mvua yakijaa shambani, kichuguu hubaki kama kisiwa, na kichaka kile cha kwetu huchanua kabla ya mvua, wakati nyuki hawana ua lingine karibu. Wakihama, mizinga itabaki mitupu na maboga hayatazaa. Mama hakulia. Alisema tu, akiwatazama nyuki, "Ziko natafuta kwao."

Yote hayo kwa nyumba ya kupumzikia Jumapili, wewe unayelala Golf, kwenye majumba ya matajiri mjini. Hukumuuliza hata yeye.

Jana niliifukia mitaro ya msingi wako kwa udongo uleule wa kichuguu, nikapanda humo mizizi yote ya kichaka niliyookota. Nimeshaimwagilia maji.

Mdogo wako, ambaye naye hakuuliza,
Lydie