Vidonge vya Kushusha Uvimbe

Nyangoto
9 Mei 1994

Dada Modesta,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo hapo Nkende. Mimi mzima, isipokuwa mguu. Mama Efrazia anayekuletea barua hii pamoja na dagaa zake atakuambia nimelala hoi. Usimwamini, nimekaa tu.

Jiwe liliniangukia kwenye muundi tukiwa chini ndani ya duara, hilo shimo letu la machimbo. Kidonda chenyewe ni kidogo, lakini mguu umevimba mpaka gotini, ngozi inang'aa, ni wa moto ukiugusa, na unanigonga usiku kucha. Hapa hakuna wa kumlilia. Nikikunja uso tu, Zablon, yule tuliyetahiriwa naye msimu mmoja, ananiambia, "Mura, mwanaume wewe, kisu ulikinyamazia, leo jiwe ndilo likulize?" Basi nanyamaza.

Shida ni kwamba mwamba umeanza kuonyesha dhahabu. Wakubwa wa duara wanasema litatema mawe yenye mali wakati wowote, na sheria yetu unaijua: asiyeshuka siku mawe yanapotoka hapati mgao, hata kama alichimba tangu mwanzo. Mimi nimechimba tangu mvua za mwaka jana. Nitafutie hapo dukani kwenu dawa ya kushusha uvimbe, mguu uingie kwenye buti. Mama asijue.

Mdogo wako,
Mogesi


Nkende, Tarime
11 Mei 1994

Mdogo wangu Mogesi,

Marahaba. Sisi wazima, tunakula na kulala. Watoto wanauliza mjomba ataleta dhahabu lini. Nimewaambia mjomba kwanza alete akili.

Umenitia hasira na huruma kwa pamoja. Ng'ombe akichechemea mnamkimbilia bwana mifugo, lakini nyinyi wenyewe mkioza mnasema mko wazima.

Kapsuli za kuua vijidudu zimetuishia, tunasubiri mzigo kutoka Musoma. Nimekufungia vidonge vidogo vyeupe vinaitwa predinisoloni. Nimewaona watu wa pumu na wa viungo wakivimeza, uvimbe unaondoka wenyewe. Mwenye duka hataki nivitoe bila cheti cha daktari, ila leo ameenda Sirari, na wewe ni ndugu yangu. Meza vitano kwa pamoja kila asubuhi, ukishakula. Ningekwambia uende hospitali, lakini najua hutaenda, na mgao huo kusema kweli hata mimi nataka uupate.

Dada yako,
Modesta


Nyangoto
17 Mei 1994

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo! Hamjambo wote? Mimi sijambo kabisa. Dawa yako ni kiboko. Siku ya pili tu uvimbe ulianza kushuka, maumivu yakaisha, nikavaa buti. Usingizi umenipotea kidogo, lakini njaa! Nakula mpaka mama ntilie ananicheka.

Na duara limetema, dada. Mgao wangu wa mawe upo kwenye mifuko, nimeukalia kama kuku. Kidonda kimetulia, hakitoi hata usaha, kinakaa tu na rangi ya kijivu.

Zablon alijikata mkono kwa sururu, ukavimba kama wangu. Nikamgawia vidonge. Sasa hivi anapiga mwamba kuliko sisi wote, na mama yake anakuombea kanisani kwa jina. Tuma vingine, wapo wengi hapa wenye shida. Kapsuli usihangaike nazo, hatuzihitaji.

Mdogo wako mzima,
Mogesi


Nkende
24 Mei 1994

Mogesi,

Salamu baadaye. Ukipata barua hii acha kila kitu, mchukue Zablon, nendeni hospitali leo. Mwambieni daktari jina la vidonge nililokuandikia. Usimpe mtu mwingine hata kimoja.

Jana aliingia dukani Ogada, mganga wa hospitali ya misheni. Nikaanza kujisifu kwake, nikamsimulia jinsi nilivyomponya mdogo wangu. Mwanzoni alikuwa anacheka. Akaniuliza, "Na dawa ya kuua vijidudu ulimpa?" Nikasema hapana. Akavuta kiti cha wateja akakaa, akanieleza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza.

Anasema ndani ya nyama zetu kuna chembe hai zinazokaa humo siku zote, hata kabla hatujaumia. Kijidudu kikiingia zinakitambua kwa ganda lake kwamba huyu si wa hapa. Zinakimeza, halafu zinamwaga kemikali za kuita wenzao. Ni kama kwetu ng'ombe wakiibiwa: boma moja linapiga yowe, la pili linalipokea, mpaka vijana wote wanatoka. Mishipa ya damu ikipata yowe hilo inatanuka na kulegea, chembe nyeupe zinapenya kutoka kwenye damu kwenda palipoumia, na maji yanapenya nazo. Huo ndio uvimbe wako. Joto lile ni damu iliyokuja kwa wingi. Usaha uliofurahi kutouona, mdogo wangu, ni chembe hizo zilizokufa zikipigana.

Vidonge nilivyokutumia vinanyamazisha yowe. Mguu ulitulia kwa sababu hakuna aliyekuwa anakuja kukusaidia. Vijidudu viliachiwa nyama yako vijilie. Nilikuzimia kengele, Mogesi, nikakutoza na shukrani.

Kapsuli zimefika, nimezifunga humu. Zisiwe sababu ya kutokwenda hospitali.

Dada yako,
Modesta


Nkende
30 Mei 1994

Mogesi,

Hujambo? Nauliza na kweli nataka kujua. Mama Efrazia amerudi na barua yangu mkononi, anasema kibanda chako kimefungwa na majirani wanaongea kwa kukatakata. Mama yetu ameniuliza kwa nini sili. Nimemwambia ni jino. Kila mteja akiingia na uvimbe namwelekeza kwa Ogada. Mimi si mtu wa kulia, lakini hizi siku nalia hata nikipanga maboksi. Niandikie hata mstari mmoja, hata wa matusi. Barua ya kwanza nairudisha kwake pamoja na hii, akakutafute mpaka akupate.

Dada yako


Hospitalini
8 Juni 1994

Dada Modesta,

Shikamoo. Nipo hai. Barua zako zote mbili zimenifikia hapa wodini.

Nilianguka ndani ya duara natetemeka kwa baridi wakati wenzangu wanatokwa jasho. Wamenikata mguu chini ya goti. Daktari anasema ningechelewa kidogo tu, ungekuwa msiba. Usijilaumu peke yako. Mimi ndiye niliyeomba, na mimi ndiye niliyemkazania Zablon ameze.

Zablon amefariki, dada. Mkono haukumuuma mpaka siku ya mwisho, kwa hiyo hakuna aliyejua. Walimzika mimi sijitambui.

Jana mama yake, mama Christina, alikuja kuniona na uji wa ulezi. Alinishika mkono akasema, "Mwandikie dada yako nashukuru. Mwanangu amekwenda bila kuteseka, ni kwa ajili ya dawa yake." Anataka akuone, akupe mkono. Halafu akasema vidonge vilivyobaki amevitunza, mjukuu wake ana jipu shingoni, akizidiwa atampa.

Nilimwambia asimpe. Akaniuliza kwa nini. Dada, sikuthubutu kumwambia ukweli. Nilisema tu asubiri, wewe ndiye unayejua dawa. Nisamehe.

Mdogo wako,
Mogesi


Nkende
9 Juni 1994

Mogesi, mdogo wangu,

Pole. Nimeandika pole hiyo nikaona haitoshi.

Nimemweleza mwenye duka kila kitu. Hakunifokea, alinyoosha mkono nikampa funguo. Mama naye nimemwambia, anajifunga safari ya kuja kwako.

Mimi naondoka sasa hivi, na barua hii anakuletea mama. Sitapitia wodini kwanza, maana nikikuona nitalia, na nikishalia sitafika Nyangoto. Nakwenda moja kwa moja kwa mama Christina kuvichukua vile vidonge kabla hajampa mtoto, na kumwambia ni kwa nini. Najua atafurahi kuniona. Atanitolea kiti, atataka kunipa mkono na kunishukuru mbele ya watu. Nitamwambia nikiwa bado nimesimama mlangoni, kabla hajanishika mkono.

Dada yako,
Modesta