Bunduki Niliyosema Imeibwa

Jumanne. Mvua ya masika tangu alfajiri, na mlima haujaonekana wiki nzima. Mgongo unauma hata nikikaa.

Nimeficha kwa miaka mingi jinsi bunduki yangu ilivyotoka nyumba hii. Leo naandika hapa kwenye simu, kwa kidole kimoja, kabla pumzi haijaniishia.

Niliimiliki kihalali, kwa ajili ya nguruwe pori waliokula mahindi yangu kule chini, tambarare ya Kahe. Wanunuzi binafsi walipoanza kupanda huku kutafuta kahawa, mpwa wangu Evarist naye akawa mnunuzi. Akaitaka bunduki. Alisema anatembea na fedha.

Sheria niliijua. Muuzaji hamkabidhi mtu silaha kabla ya kuona kibali chake, na wote wawili huenda polisi umiliki ubadilishwe. Nilimweleza hivyo.

Akarudi na mbege, pombe yetu ya ndizi, na jani la isale. Kwetu Uchagani, anayeletewa isale hakatai ombi. Akacheka kidogo. "Mjomba, ni wewe au polisi aliyenipakata nikiwa mtoto? Kibali kitafuata."

Nikamuuzia.

Kabla msimu wa kahawa haujaisha, alimpiga risasi ndugu yake Aloisi kwenye mpaka wa kihamba, shamba lao la urithi, naye Aloisi akafa palepale. Polisi walipokuja niliwaambia bunduki iliibwa. Evarist naye akasema aliiba. Alifia gerezani bila kunitaja.

Mjane wa Aloisi, Mama Neema, ndiye huniletea maziwa kila asubuhi. Leo alinikuta nalia.

"Usijilaumu, baba," alisema. "Mtu akiibiwa afanyeje?"

Akanifunika blanketi, akanitania kwamba nisipokunywa maziwa atampa paka, maana paka ana shukrani.

Nilikuwa nimekata isale mlangoni mapema, nikalificha chini ya mto. Sikulitoa. Akilipokea atalazimika kunisamehe, na mimi sina haki ya kumlazimisha.

Kesho nitamwambia, mikono mitupu.

Na nisijifiche tena nyuma ya isale la Evarist. Ombi lake la kibali lilikuwa limeshafika kwenye kamati ya kata kabla hajaniletea isale, likakataliwa, kwa sababu alikuwa ametishia mbele ya watu kumuua Aloisi.

Mwenyekiti wa kikao kile nilikuwa mimi.