Fedha ya Bibi Nimeigeuza Vitanzi vya Vidani

Mama Mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiomba uniokoe kabla ya Ijumaa, na tafadhali jina langu usilitaje kwa sababu hapa Kihonda watu tunajuana.

Mimi ni mke wa mtu na kazi yangu ni kutengeneza vidani vya kioo, nachukua vipande vya chupa, nasaga kingo mpaka zinalainika, halafu natengeneza kwa mkono kile kitanzi cha fedha cha juu kinachoshika kioo na kupitisha mkufu, na kwenye kitanzi ndiko kwenye ufundi wote, maana kioo hata jalalani kipo lakini kitanzi kikilegea kidani kinaanguka na mteja harudi tena. Kazi hii alinifundisha marehemu baba yangu aliyekuwa sonara, kwa hiyo Mama siwezi kusema sikuijua fedha nilipoiona, na hapo ndipo kosa langu lilipo.

Mwaka jana bibi yake mume wangu alifariki kule Mkuyuni, na kabla ya kukata roho alisema mbele ya watu, "Fedha yangu apewe Yasmin." Yasmin ni mjukuu wake, anaishi Kisaki, mama yake alikuwa mdogo wake mama mkwe wangu naye alishafariki, na Yasmin ndiye aliyemuuguza bibi. Basi siku ya arobaini wakafungua pindo la kanga ya bibi wakakuta noti chache zimekunjwa, wakampa Yasmin, akalia, tukala pilau, tukaona wosia umetimia. Jioni ile mama mkwe akiwa anasafisha chumba cha marehemu akanipa kopo kuukuu la maziwa ya unga, ndani kuna vifungo na sindano na vyuma viwili vyeusi tii vilivyopinda, akasema, "Chukua, mwanangu, wewe ndiye unayejua kuchezea vyuma." Nyumbani nikasugua kimoja kwa majivu na ndimu kikatoka cheupe, nikajua hapohapo kwamba ni vikuku, tena vya fedha safi ya zamani ambayo siku hizi huipati hata ukiitafuta kwa tochi, na nikanyamaza, Mama, nikajiambia nimepewa. Nikaviyeyusha na tanakari, ile dawa ya masonara ya kuyeyushia, nikavuta waya, nikaupiga bapa, nikauzungusha kwenye msumari, nikalehemu, vikatoka vitanzi kumi na viwili, na tangu nianze kazi sijawahi kutengeneza vizuri kama vile.

Sasa Jumapili iliyopita tulikusanyika Mkuyuni, nikambebea Yasmin zawadi ya kidani cha kijani, nikamfunga mwenyewe shingoni, na ndipo akaingia Bibi Bernadeta, mkulima wa mboga wa upande wa misheni, shoga wa bibi tangu utoto, ambaye msibani hakufika kwa ajili ya mguu. Akamshika Yasmin mikono, akaigeuza huku na huku, akauliza, "Mbona mikono mitupu? Fedha ya bibi yako iko wapi?"

Yasmin akasema, "Nilipewa, bibi. Nilinunulia mbegu za mpunga."

"Vikuku umenunulia mbegu?"

"Vikuku gani?"

Yule bibi akaketi kwanza. Akasema, "Mwenzangu hela aliita senti mpaka anaingia kaburini. Fedha ni ile ya mkononi, aliyoivua ninyi mkiwa wadogo! Alivikwa na bibi yake, na yule alivikwa na bibi yake, na anayevikwa ndiye anayechukua jina la bibi. Ninyi mmempa mtoto noti?"

Watu wote wakamgeukia mama mkwe kwa sababu chumba alisafisha yeye. Yeye akakishika kile kidani shingoni mwa Yasmin, akakigeuza kidogo kwa vidole, akakiachia, akasema, "Mimi fedha ya mama sikuiona." Kisha akaniambia, "Wewe mwanangu nenda kaangalie chungu, haya ni ya watu wa ukoo." Nikaenda. Nikiwa jikoni nikamsikia Mjomba Halidi, ambaye ndiye mkubwa wao, akisema Ijumaa baada ya swala dada yake ashike msahafu aape mbele ya ukoo, na mama wa watu ana miaka sabini na hajawahi kuitwa mwizi na mtu yeyote.

Nimemweleza mume wangu, Yunusi, anasema ninyamaze, eti kilichoyeyuka kimeyeyuka, mama yake anaamini vilikuwa vyuma tu kwa hiyo ataapa kweli yake na hatapata dhambi, na mambo yataisha. Vitanzi tisa ninavyo, viwili walinunua wageni waliokuwa wanashuka mlimani, na kimoja ndicho kile cha Yasmin. Je, mume wangu yuko sahihi? Nifanye nini?

Fundi wa Vidani, Kihonda

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeipitisha mbele ya barua nyingine zote zilizopanga foleni mezani kwangu, maana Ijumaa haingoji. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama. Mara ya pili nilitafuta kiti.

Umeuliza kama mumeo yuko sahihi. Hapana, na mwambie nimesema hapana. Mwanaume mzima anamwacha mama yake ashike msahafu ili nyumbani kwake kusiwe na aibu! Huyo nitamalizana naye siku akiniandikia yeye.

Tuanze na lisilo lako. Kuchanganya fedha na hela si kosa lako. Tumezoea kuita noti fedha mpaka tumesahau kwamba fedha ilikuwa kitu cha kuvaa, na mbele ya kitanda cha yule marehemu ukoo mzima ulisikia neno moja ukaelewa lingine. Hilo libebeni wote. Lakini ulipokwisha kusugua kwa majivu na ndimu, mtoto wa sonara wewe, kosa la ukoo liliishia hapo na la kwako likaanza. Ungesema maneno matatu tu, "Hivi ni fedha," kuna mtu angeshtuka na kukumbuka. Hukusema kwa sababu ulijua ukisema utanyang'anywa. Umepewa, sawa, ila aliyekupa hakujua anatoa nini na wewe ulijua.

Sasa nisikilize vizuri. Vile vitanzi tisa vitoe kwenye vioo leo, usiuze hata kimoja. Viwili vilivyoondoka na wageni vimeondoka, sema hivyo hivyo. Na usije ukathubutu kuchanganya fedha ya dukani ili uzito utimie, nakujua fundi, wazo hilo umeshalipata. Kilichobaki labda kinatosha kikuku kimoja badala ya viwili. Basi kiwe kimoja, lakini kiwe cha bibi chote. Na usikiyeyushe peke yako tena. Beba vifaa vyako vyote mpaka Mkuyuni, Yasmin aketi mbele yako, aone moto, na aamue mwenyewe kama kile cha shingoni kinaingia au kinabaki. Akikutukana, nyamaza, hapo ndipo mahali pa kunyamaza.

Jina lako sijalitaja kama ulivyoomba. Lakini mwanangu, mafundi wa vidani vya chupa hapo Kihonda mko wangapi? Gazeti hili liko mtaani Alhamisi asubuhi, na litapanda mlima mpaka Mkuyuni bila kukuuliza. Hakikisha wewe umelitangulia.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonitafutisha kiti. Umeliandika kwa mkono wako na hukuliona. Mama mkwe wako ana miaka sabini, hajapungukiwa na akili. Unadhani amesahau lile kopo alimpa nani? Katika ukoo ule anayechezea vyuma ni mmoja tu, na maneno hayo aliyasema yeye mwenyewe. Aliposikia vikuku, alikishika kidani si kwa sababu ni kizuri. Alikigeuza kwa vidole akakitazama kitanzi. Kisha akasema hakuiona fedha, na papo hapo akakutuma jikoni, watu wasikuone uso. Mwanangu, yule mama anajua. Ijumaa haendi kuapa kweli yake kama mumeo anavyojidanganya, anakwenda kushika msahafu na kuapa uongo, kwa ajili yako wewe, mtoto wa watu wengine aliyeolewa pale.

Kwa hiyo usianzie kwa Mjomba Halidi wala kwa Yasmin. Nenda kwake yeye kwanza, umkute kabla hajatawadha, umfungulie kiganja chenye vile vitanzi tisa, na umwambie yale maneno uliyomnyima siku ile: "Mama, hivi ni fedha."