Neno Moja Benki ya Damu

Kolhapur, 3 Juni 2019

Mwanangu Hemant,

Habari za Pune? Huku wote wazima isipokuwa dadako Sulabha. Ijumaa anapasuliwa uvimbe tumboni, na damu yake ni lile kundi adimu la Bombay, kama yako. Hospitali wamesema tusipoleta mtoaji, hawamgusi. Njoo. Watakuuliza kama unalala na wanaume. Sema hapana, yaishe. Ulimi hauna mfupa.

Mama

Pune, 4 Juni

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Shirish wangu naye mzima, ingawa hujamwulizia miaka kumi na moja.

Nimeipinga magazetini sheria hiyo ya kutukataza kutoa damu mpaka wahariri wananikimbia. Haipimi damu, inampima mtu! Binamu Anant, anayejulikana na wanawake wa kila gesti ya barabara kuu, hutoa damu akapewa biskuti na asante. Mimi mwenye mtu mmoja, niliyepimwa juzi, ndiye mchafu. Sasa unataka nijikane kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nitajikana. Sulabha ni mmoja tu. Shirish ananisindikiza.

Mwanao

Kolhapur, 6 Juni

Mwanangu,

Mmefika salama? Nakuandikia kwa simu, barua itachelewa.

Jana mlipoondoka nilikuwa bado na furaha. Shirish alikushika mkono sindano ilipoingia, kisha akainama akagusa miguu yangu kwa heshima, kama mtoto wa nyumbani. Nikanunua pedha, vile vitamu vya maziwa, nikawagawia wa benki ya damu. Mama mmoja wa mapokezi akauliza, "Yule kijana mpole ni ndugu wa mtoaji?" Nikacheka: "Ndugu wapi! Huyo mkwe wangu."

Akaacha kutafuna.

Wameimwaga, Hemant. Damu yote. Upasuaji ni kesho.

Mama

Pune, 6 Juni

Mama,

Usijilaani. Aliyeimwaga si wewe. Neno hilo, "mkwe", nimelisubiri muda mrefu; sitakuacha ulijutie.

Mwalimu mmoja wa mji wa Belagavi ana damu ya kundi letu, amekubali. Shirish ameshaondoka na gari kumfuata amlete huko Kolhapur. Mvua haikatiki. Simu yake haipatikani. Omba.

Mwanao

Kolhapur, 8 Juni

Wanangu Hemant na Shirish,

Hamjambo? Sulabha amefumbua macho, damu ya mwalimu imemwingia yote, anadai chai.

Akauliza nani kamletea damu. Yule mama wa mapokezi alikuwa akipita mlangoni. Nikapaza sauti: "Mkwe wangu!"

Safari hii hawakuwa na cha kumwaga.

Mama yenu