Kamera ya Stoo

Jumamosi, Bariadi

Laiti ningekwenda dukani peke yangu.

Mama mkwe, ambaye yuko kwetu tangu atoke Mwamapalala baada ya mavuno, aliomba anisindikize. Nilimwambia kamera ni ya wezi. Sikumwambia kwamba mchele unapungua stoo, na kwamba ninayemshuku ni yeye.

Muuza duka alitutolea mbili za bei nafuu. Ya kwanza, alipoifunika kwa boksi, picha ikawa nyeusi tii. Nilitaka hiyohiyo ili tuondoke. Mama akamwambia, "Stoo yetu haina dirisha. Tupe inayoona gizani." Akambembeleza kwa Kisukuma mpaka akashusha bei.

Nyumbani, yeye ndiye aliyenishikia stuli nilipokuwa naifunga. Kisha akajifungia stoo tuijaribu, nami nikabaki sebuleni na simu.

"Unaniona, mwanangu?"

"Nakuona, mayu."

Nilimwona vizuri mno. Alichota mchele kwa kiganja, akaufunga kwenye ncha ya kitenge, akanyata kama mwizi huku anacheka peke yake. Halafu akaurudisha wote guniani, akainama kuokota hata punje zilizodondoka sakafuni. Hakujua kwamba bado natazama. Au alijua, sijui.

Mchele unakokwenda bado sikujui. Lakini mimi ni mtu wa namna gani...

Alipotoka alikuwa anajifuta vumbi, amefurahi kweli.

"Hii ni nzuri," akasema. "Sasa mwizi hana pa kujificha."

Nikajifanya natafuta chaja.